Nyumba ya Msondo, Binti wa Sikinde

Kwa mtu aliyekulia Dar es Salaam kati ya miaka ya 1970 na 1990, kusema "napenda muziki wa dansi" hakukutosha. Watu walitaka kujua uko upande gani, Msondo au Sikinde. Msondo ni bendi ya wafanyakazi. Ilianza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz chini ya chama cha wafanyakazi, ikaitwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na leo ni Msondo Ngoma. Sikinde ni Mlimani Park Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1978, ambayo mwaka 1983 ilichukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC. Zilikuwepo bendi nyingine kubwa, Maquis, Vijana Jazz, Orchestra Safari Sound, Bima Lee, na kila moja ilikuwa na mtindo wake na watu wake. Ila ugomvi wa majumbani, ule wa kugombea redio, ulikuwa hasa wa hizi mbili.

Kwa upande wa mama, sisi ni watu wa Msondo. Ndiyo maana dada yangu alipotamka mbele ya mjomba kwamba bendi ya moyoni mwake ni Sikinde, na kwamba ameichagua mwenyewe, jambo halikuishia hapo. Waliyosemezana nimeyaandika kwa kuwa naona yanatuhusu wengi: sikio la mtu ni lake, au ni la nyumba iliyomlea? Marudio nimeyapunguza, hoja sijazigusa. Mjomba ni fundi magari aliyestaafu, na mwaka 1978 bendi hizi zilipogawana watu alikuwa kijana wa shule. Dada anafundisha sekondari.

MPWA: Shikamoo, mjomba.

MJOMBA: Marahaba, mwanangu. Kaa hapa. Nimeambiwa habari zako. Kuipenda Sikinde si kosa, ni bendi nzuri, waliomo wengine tuliwalea sisi. Linalonisumbua ni hilo neno lako "nimechagua". Bendi haichaguliwi. Mimi sikuchagua. Babu yako alikuwa mfanyakazi wa bandarini. Mwaka ule wa 1964 vyama vya wafanyakazi vilipovunjwa na kuundwa NUTA, mchango ukawa unakatwa kwenye mshahara kabla mshahara haujafika mkononi. Akawa anasema, ile bendi naipa chakula mimi. Wakipiga vizuri anajisifu, wakipiga vibaya anakasirika kama mtu aliyeibiwa. Sasa mtoto wa nyumba ile ulitaka apende nini?

MPWA: Hiyo ni sababu ya babu, mjomba. Wewe hukukatwa hata senti.

MJOMBA: Sikukatwa, lakini kitufe cha sauti kilikuwa mkononi mwake. Redio ni ya betri, betri hazipatikani, mpaka tunazianika juani zipate nguvu kidogo. Ukija wimbo wa JUWATA, sauti inapanda mpaka jirani anasikia. Ukija wa Mlimani, mzee anasema tunamaliza betri bure, anaishusha. Haizimi. Anaishusha tu. Basi mimi nimekua nikisikia Msondo kwa karibu na Sikinde kwa mbali. Unadhani sikio halijengwi hivyo?

MPWA: Linajengwa, nakubali. Ila angalia nani alikuwa nyuma ya babu. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa peke yake Tanzania Bara nzima mpaka redio binafsi zilipoanza mwaka 1994. Bendi zote zilirekodi kwao, bendi nzima ikipiga kwa pamoja mbele ya maikrofoni, na mashairi yalikaguliwa kwanza. Kanda zile hazikuuzwa dukani. Atakayeutaka wimbo aende ukumbini, au akae karibu na redio aungoje, au anunue kadi ya salamu aombe apigiwe. Kwa hiyo watu walizipenda nyimbo walizopigiwa mara nyingi. Mwanasaikolojia Robert Zajonc alilionyesha jambo hili mwaka 1968: mtu huanza kupenda kitu kwa kukutana nacho tu mara kwa mara, hata kama ni neno lisilo na maana yoyote. Mnachokiita urithi mimi naona ni mazoea.

MJOMBA: Hapo umejifunga mwenyewe. Redio ilikuwa moja, siyo? Ilipiga Msondo, ikapiga Sikinde, na mji mzima ukasikia. Kama ni mazoea, mji mzima ungependa kitu kimoja. Mbona sisi tulikuwa Msondo, na nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, wakawa Sikinde? Redio haiwezi kueleza tofauti kati ya watu wanaosikiliza redio ileile. Inayoeleza ni nyumba.

Dada hakuwa na jibu la haraka, na nadhani halipo. Wengi wanaoandika juu ya ladha ya muziki huanza na moyo wa msikilizaji, na hivyo wanakiruka kitu ambacho mjomba alikishika tangu mwanzo, yaani mshahara. Muziki wa dansi wa Tanzania wakati ule ulikaa ndani ya taasisi. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Polisi walikuwa na bendi yao, Magereza yao, JWTZ yao, na JKT ilikuwa na Kimulimuli. Wanamuziki wengi walikuwa waajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri. Bendi iliingia nyumbani kupitia kazi ya baba, na mtoto akaikuta humo kama alivyoikuta dini ya wazazi. Kwa hiyo mtu akisema "sisi ni watu wa bendi fulani", mara nyingi alikuwa anasema pia mzee wao alifanya kazi wapi.

Lakini hoja hiyo ina tundu, na dada alilijua.

MPWA: Haya, nyumba. Nieleze basi habari ya Muhidin Gurumo.

MJOMBA: Mzee Gurumo, Mungu amrehemu. Huyo ni wetu.

MPWA: Ni wenu lini? Alikuwa NUTA Jazz tangu 1964. Mwaka 1978 yumo Mlimani Park, miongoni mwa walioijenga. Mwaka 1985 akachukuliwa na Orchestra Safari Sound pamoja na Hassan Bitchuka na Abel Baltazar. Baadaye akarudi kwenu, akakaa mpaka alipostaafu mwaka 2013. Bitchuka naye alikuwa kwenu kabla ya kwenda Sikinde. Shaaban Dede kapita kwenu, kapita kwao, kapita na kwingine. Sauti zilikuwa zinahama. Sasa mjomba, 1978 Gurumo alipoondoka, babu alimfuata?

MJOMBA: Alimfuata wapi! Alikasirika wiki nzima.

MPWA: Kwa hiyo sauti aliyoipenda tangu 1964 ikaanza kusikika kwa wengine, naye akaishushia redio. Hapo alipenda muziki au alipenda jina?

MJOMBA: Alipenda bendi. Bendi si mtu mmoja. Wewe mpira unaufuata: mchezaji akitoka Simba akaenda Yanga, mwana Simba anamfuata?

MPWA: Hamfuati. Lakini mpira una matokeo. Dakika tisini zikiisha mtu anakwenda kulala akijua nani kashinda. Bendi zilipokutanishwa ukumbini, mlihesabu nini?

MJOMBA: Watu walioinuka kucheza.

MPWA: Na walioinuka walikuwa wameshakuja na upande wao.

MJOMBA: Ndiyo. Kwa hiyo hatukumalizana hata siku moja. Ndiyo tukawa tunabishana Jumatatu kutwa karakana nzima. Na hapo nikwambie jambo, maana unatuona kama watu wa kushangilia jezi. Ukibishana na mtu wa Sikinde huwezi kumwambia "Msondo ni nzuri" ukaishia hapo, atakucheka. Lazima umwambie nzuri wapi. Mimi nilimwambia: sikiliza tumba na besi, sikiliza vinavyokuondoa kwenye kiti kabla hujaamua. Sikiliza tarumbeta, zinavyokuja mbele bila kuomba ruhusa. Sikiliza gita la Said Mabera, amekaa na bendi hii tangu miaka ya 1970, linavyorudia kifungu kilekile lakini kila mara kama kimeongezwa chumvi. Naye ananiambia, ninyi mna kelele, sikilizeni magita ya Mlimani yanavyopeana nafasi. Nikirudi nyumbani, naisikiliza Mlimani kwa siri kidogo, nitafute kasoro. Nisipoipata naudhika.

Hapa ndipo mazungumzo yalipofika mahali ambapo mimi binafsi naona pana uzito kuliko pengine pote. Watu wa pwani hii wamegawana kimuziki kwa zaidi ya miaka mia moja. Ngoma ya beni, ambayo mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia kitabu kilichotoka mwaka 1975, iliigawa miji kati ya Marini na Arinoti, na kila upande ulikuwa na vyeo vyake na sare zake. Vyama vya taarabu vimeshindana vivyo hivyo. Wapo wanaoona mashindano hayo kuwa ugomvi mtupu, na kweli kuna wakati yaligeuka ugomvi. Mimi naona yalikuwa pia chuo cha masikio. Fundi magari asiyejua kusoma noti moja aliweza kukueleza tofauti ya gita la solo na la ridhimu, tarumbeta inaingia wapi na kwa nini, kwa sababu kila Jumatatu kulikuwa na mtu wa kumjibu.

MPWA: Basi nami nikupe nilichosikia, uniambie kama ni jina au ni sikio. Chukua nyimbo za Mlimani za mwanzo wa miaka ya 1980. Gita moja linaanza sentensi, la pili linaidaka kabla haijaisha, na la tatu liko chini linaweka ardhi. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mwimbaji akisema, vipulizo vinanyamaza. Akivuta pumzi, ndipo saksofoni zinaingia kumjibu, kwa maneno machache, kisha zinakaa. Hiyo ni kazi ya mtu aliyekaa akapanga. Mtu huyo, Michael Enoch, alikuwa mpiga gita wa Dar es Salaam Jazz kabla hajashika saksofoni, na mimi naona ndiyo maana saksofoni zake zinajua magita yanataka nini. Halafu hadithi inaelezwa mpaka mwisho, hakuna haraka. Ikiisha kusimuliwa, ndipo muziki unapochemka na watu wanacheza. Kwenye Msondo, mjomba, naomba radhi, muziki unataka kuchemka tangu mwanzo.

MJOMBA: Na ubaya wake?

MPWA: Si ubaya. Ni kwamba mimi nataka kungoja.

MJOMBA: Umetoa wapi hiyo subira? Nyumba yetu haina.

MAMA: Ameitoa kwangu.

Mama alikuwa anachambua mchele, na mpaka dakika hiyo tulimhesabu kama msikilizaji.

MJOMBA: Kwako vipi? Wewe ni binti wa nyumba ya Msondo.

MAMA: Kaka, nyumba ipi? Sebule ndiyo ilikuwa ya Msondo. Baba akirudi jioni na ninyi wanaume mkikaa naye, hapo kweli, Msondo. Lakini baba alitoka alfajiri. Redio kutwa ilikaa na nani? Ilikaa uani na mama na mimi, tunapika, tunafua. Hakuna aliyetuuliza ni ya upande gani. Na ukumbini tulikwenda lini? Ninyi mlikwenda Jumamosi mkarudi mnasimulia nani kacheza. Sisi muziki wa kucheza tulikuwa hatuna kazi nao. Tulisikiliza maneno.

MPWA: Maneno gani, mama?

MAMA: Nyimbo zile zilikuwa habari za nyumba za watu. Mume, talaka, mtoto, jirani, ndugu aliyefilisika. Ule wa Mlimani, Mume Wangu Jerry, mwimbaji ni mwanamume lakini anasema kama mke. Nilikuwa nasikiliza kama amesema kweli. Wapo waliosema kweli, wapo ambao ulisikia kabisa huyu hajawahi kukaa na mwanamke akamsikiliza. Mlimani kwa hilo walikuwa wanajitahidi. Basi wimbo ukipigwa mchana nauzidishia sauti, jioni narudisha palepale baba alipoacha. Nilipoolewa nikaondoka nazo. Nikawa nazo tu kichwani, naimba nikifua.

MPWA: Mjomba, sasa unasikia. Neema nimeijua hivyo, ule ulioimbwa na Cosmas Chidumule. Sikuujua kwa Chidumule. Niliujua kwa mama, na mama alikuwa akifika pa saksofoni anaimba na saksofoni kwa mdomo, haruki hata kidogo. Mimi mtoto nikadhani ni sehemu ya maneno. Siku nilipousikia wenyewe, nimeshakuwa mtu mzima, nikakuta kumbe ile ni ala. Nilikaa nikausikiliza tena na tena, nikilinganisha. Mama hakukosea noti.

Mjomba alinyamaza kwa muda, kisha akafurahi kuliko nilivyotarajia.

MJOMBA: Kwa hiyo ndani ya nyumba ya baba yangu kulikuwa na Sikinde na hatukujua! Sawa. Lakini mwalimu, unaona kilichotokea? Hoja yako imekufa. Hukuchagua. Umerithi kama mimi, ila wewe umepitia mlango wa uani.

MPWA: Tuni nimeirithi, hilo nalitoa kwa mikono miwili. Ila mama hakuniimbia Neema peke yake. Aliniimbia Mbaraka Mwinshehe, aliniimbia taarabu, aliniimbia kaswida, na vingine hata hajui amevitoa wapi. Vingi nimeviacha. Kwa nini hiki kikabaki? Na kama ni nyumba, huyu kaka yangu anayeandika tumelala chumba kimoja, tumesikia sauti moja. Mwulize bendi yake.

Ni kweli. Mimi moyo wangu uko kwa Marijani Rajab, kuanzia Safari Trippers mpaka Dar International, na sijui mtu nyumbani kwetu aliyenipeleka kwake. Nilichovutiwa nacho ni ile sauti isiyojishughulisha kukubembeleza. Mjomba alisema hiyo ndiyo inaonyesha kwamba nilikuwa nawakimbia watu wa pande zote mbili, na kumkimbia mtu nako ni kuongozwa naye. Sikulipinga.

MJOMBA: Watazame wanamuziki wenyewe, kama mnadhani naongea ovyo. Zahir Ally Zorro wa Kimulimuli, watoto wake ni nani? Banana Zorro, na marehemu Maunda Zorro. Waimbaji wote wawili. Remmy Ongala, baba yake alikuwa mwanamuziki huko Kongo, akafariki Remmy akiwa mdogo, lakini kitu hakikuondoka. Mwaka 1978 akaja Dar es Salaam kupiga na jamaa yake, Mzee Makassy. Damu inavuta.

MPWA: Na mtoto wa Remmy, Kally Ongala, alikwenda uwanjani akacheza mpira, tena mpira wa juu. Banana naye hakuimba kama baba yake, alikuja na muziki wa kizazi chake. Mjomba, mtoto wa mwanamuziki ana gita ndani ya nyumba, ana watu wanaompa nafasi jukwaani. Hiyo ni fursa. Mimi nauliza habari ya kupenda. Mtu anaweza kurithi duka la baba yake na asipende biashara.

MAMA: Na anaweza kuipenda bila kuachiwa duka.

MPWA: Ehe. Kuna utafiti mmoja nataka niwape, kwa sababu unatusema sote. Ulitoka mwaka 2013. Carol Krumhansl wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na Justin Zupnick waliwasikilizisha wanafunzi wa chuo nyimbo zilizovuma kule kwao tangu 1955 hadi 2009. Nyimbo za ujana wao waliziitikia sana, hilo halishangazi. Lakini na nyimbo za mwanzo wa miaka ya 1980 zilipanda, za wakati wazazi wao walipokuwa vijana. Na nyuma yake zikapanda tena za miaka ya 1960.

MJOMBA: Sasa si ndiyo ninayosema tangu asubuhi?

MPWA: Nusu yake. Za 1980 ni wazi wazazi walizipiga nyumbani watoto wakiwa wadogo. Lakini kwa za 1960 watafiti waliacha milango miwili. Huenda babu na bibi waliwapigia wazazi, na wazazi wakawapigia watoto. Au huenda nyimbo za miaka ile zilikuwa nzuri kweli, na yeyote anayezisikia anazipenda. Huo mlango wa pili ndio wangu. Unaniambia Sikinde nimeipenda kwa sababu ya mama. Mimi nasema mama aliibeba mpaka kwangu kwa sababu ilikuwa nzuri. Nyimbo mbaya pia zilipigwa mchana uani, na hakuzibeba.

MAMA: Nyingi sana sikuzibeba.

Hoja hii ya dada ndiyo iliyonishinda kuipinga, na bado sijapata wa kunisaidia. Tukisema familia hupitisha ladha, tunamwona mama kama bomba ambalo maji hupita. Mama hakuwa bomba. Alikuwa msikilizaji mkali aliyekaa mbele ya redio ya taifa miaka mingi, akiyapima maneno ya wanaume kwa maisha aliyoyajua, akichukua wimbo huu na kuuacha ule, na hakuna aliyewahi kumwita shabiki kwa sababu hakuwahi kulipa kiingilio. Historia ya muziki wa dansi imeandikwa zaidi kwa kumbi na majina ya waliopanda jukwaani. Nusu ya wasikilizaji walikuwa uani, nao ndio walioziingiza nyimbo vichwani mwa watoto.

MJOMBA: Sawa, tuseme hivyo. Mimi hofu yangu iko mbele. Watoto wa siku hizi kila mmoja amejiziba masikio na waya zake. Wewe ulimsikia mama yako bila kutaka. Mimi nilimsikia baba bila kutaka, hata nilipokuwa nimemkasirikia. Wajukuu zangu wanakaa sebule moja, mmoja yuko Nigeria, mwingine yuko Korea, na wote wako kimya. Watarithi nini? Nani atawashushia sauti wakasirike?

MPWA: Simu hiyohiyo, mjomba, ndiyo iliyonipa Neema yenyewe. Kanda mlizoambiwa haziuzwi, leo nyimbo zilizokuwamo nazisikiliza kwenye daladala. Babu angezisikia angelia.

MJOMBA: Angelia, halafu angeuliza wewe uko upande gani. Hiyo simu inakuuliza? Inakuletea tu kinachofanana na ulichosikiliza jana. Ukipenda hiki inakuongezea hiki. Hakuna siku itakwambia, unamaliza betri bure.

MPWA: Hilo ni kweli. Na ndiyo maana darasani wakati mwingine nawapigia wanafunzi kwa spika, wote wasikie kitu kimoja, kisha nawaambia wabishane. Mwanzoni wanasema ni za wazee. Mmoja akisema hii inachosha, namwambia sema inachosha wapi, dakika ya ngapi. Akianza kuitafuta hiyo dakika, ameshaanza kusikiliza.

MJOMBA: Unawapigia Sikinde.

MPWA: Nawapigia Sikinde na Msondo, mjomba. Nikiwapigia moja watabishana na nini? Nawapigia mwimbaji TX Moshi William pia, maana sauti yake vijana wanaielewa haraka. Na nawaambia kwamba Gurumo alipostaafu mwaka 2013, Diamond Platnumz ndiye aliyempa zawadi ya gari. Hapo wananyamaza, wanataka kujua huyo mzee alifanya nini.

MJOMBA: Vizuri. Nikuulize la mwisho, na unijibu kama mwalimu, usinijibu kama mpwa. Kama sisi tusingekuwa watu wa Msondo, kama sebule ile ingekuwa ya Sikinde tangu zamani, wewe leo ungekuwa Sikinde?

Dada alifikiri muda mrefu. Mama aliacha mchele.

MPWA: Ningeipenda. Ningekuwa nayo kama mtu alivyo na jina lake. Lakini nisingejua gita la pili linaingia wapi. Hayo niliyatafuta kwa ajili yako, mjomba. Kila nilipoisikiliza nilikuwa nakutafutia jibu, tangu siku ile uliponiambia nikiwa msichana kwamba Mlimani ni muziki wa watu waliochoka. Ulisahau ulisema. Mimi sikusahau.

MJOMBA: Nilisema kweli?

MAMA: Ulisema. Na ulikuwa umesinzia.

MJOMBA: Basi sawa. Lakini zile tarumbeta za JUWATA bado hujanijibu, umezikwepa tangu ulipokaa. Washa hiyo simu, weka kwa sauti.